Singapore pesa wanazo, magari hawana: nini hasa huamua umiliki wa gari Asia?

Barabara inayovuka mlango wa bahari kati ya Johor Bahru na Singapore ina urefu wa kilomita moja na ushei. Kusini mwake kuna Singapore, mojawapo ya nchi tajiri kuliko zote duniani, yenye gari dogo moja kwa watu tisa hivi. Kaskazini kuna Malaysia. Pato la Mmalaysia wa kawaida halikaribii la jirani yake, lakini huko kuna gari moja kwa watu wawili. Anayeshikilia kwamba idadi ya magari barani Asia hupanda kwa kufuata kipato tu, basi aanze kwa kueleza kilomita hiyo moja.

Hoja ya kipato ina uzito wake, na anayeidharau atapotea. China ilikuwa nchi ya baiskeli hadi miaka ya 1990. Mwaka 2009 iliipita Marekani kwa mauzo ya magari mapya na haijarudi nyuma tangu hapo. India, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019–21, ni asilimia 7.5 hivi tu ya kaya zilizokuwa na gari, wakati karibu nusu zilikuwa na pikipiki au skuta. Kuna kizingiti cha mapato. Chini yake familia hununua pikipiki, juu yake huanza kuulizia gari, na mamilioni wakikivuka kwa wakati mmoja barabara hujaa kabla wahandisi hawajamaliza michoro.

Ila hata India kuna tukio linaloikwaza hoja hiyo. Mwaka 2009 kampuni ya Tata walitoa gari dogo la Nano kwa bei iliyotangazwa ya rupia 100,000, wakiilenga hasa ile nusu ya nchi inayopanda watu wanne kwenye pikipiki moja. Bei ilishushwa hadi pale ambapo kipato kingeifikia, na bado walengwa hawakuja. Kiwanda kilikuwa kimehamishwa kutoka Singur hadi Sanand kwa mgogoro wa ardhi, yakafuata matukio ya magari kushika moto, kisha likaja lile lililoliua kabisa: gari lililotangazwa kwa unafuu wake lilimtambulisha mwenye nalo kuwa mtu asiye na uwezo. Uzalishaji ulikoma 2018.

Tunapenda kusema Singapore wanaingilia soko na Malaysia wanaliacha lijiendee. Si kweli. Malaysia nayo imeingilia, tena kwa nguvu, ila imesukuma upande wa pili. Kampuni ya magari ya Proton ilianzishwa 1983 kama mradi wa serikali na gari la kwanza, Saga, likatoka 1985. Perodua ikafuata 1993. Mikopo ya gari huruhusiwa kufika miaka 9. Petroli ya kawaida, RON95, iliuzwa ringgit 2.05 kwa lita kwa miaka kadhaa, fidia ikitoka hazina. Brunei wamekwenda mbali zaidi: lita ni senti 53 za dola yao, na hakuna kodi ya mauzo. Mtu aliyezungushiwa mkopo mrefu, mafuta ya bei ya hisani na barabara za haraka atanunua gari hata kama mshahara wake haumtoshi. Huo uamuzi umeandaliwa na serikali kama ulivyoandaliwa ule wa Msingapore asiyenunua.

Thailand ilitupa jaribio lililo wazi zaidi. Kati ya 2011 na 2012 serikali iliahidi kumrudishia kodi ya hadi baht 100,000 yeyote anayenunua gari la kwanza, mradi injini isizidi cc 1500, bei isizidi baht milioni moja, na mnunuzi akae nalo miaka mitano. Pickup nazo ziliingizwa. Walijitokeza watu milioni 1.25 hivi. Mauzo ya mwaka 2012 yalipita magari milioni 1.4, mwaka 2014 yalikuwa yameshuka chini ya 900,000, kwa sababu wanunuzi wa kesho walikuwa wameshanunua jana, na kwa sababu siasa za nchi nazo zilikuwa zimechafuka. Mikopo mingi ilishindwa kulipika na magari yakarudi kwenye minada. Mapato ya Wathai hayakupanda ghafla 2012 wala kuporomoka kiasi hicho 2014. Kilichobadilika ni masharti ya kununua.

Turudi Singapore, maana ndiyo inayosemwa vibaya zaidi. Mwaka 1975 walianza kutoza dola 3 kwa siku kwa gari linaloingia katikati ya jiji asubuhi. Mei 1990 wakaweka ukomo wa idadi yenyewe: kusajili gari kunahitaji cheti cha haki ya kumiliki, COE, kinachouzwa kwa mnada mara mbili kwa mwezi na kudumu miaka 10. Tangu Februari 2018 ongezeko la magari madogo na pikipiki limewekwa sifuri, kwa hiyo vyeti vipya hutokana hasa na magari yaliyofutwa kwenye daftari.

Tupige hesabu kwa viwango vilivyotangazwa 2023, na kodi ya mauzo ya 2024. Gari linafika bandarini likithaminiwa dola za Singapore 25,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 ni 5,000. Kodi ya mauzo ya asilimia 9 juu ya jumla hiyo ni 2,700. Kisha ada ya ziada ya usajili: asilimia 100 ya dola 20,000 za kwanza na asilimia 140 ya zile 5,000 zilizobaki, yaani 27,000. Usajili wenyewe ni 350. Hadi hapo ni 60,050 na gari bado haliruhusiwi kutembea. Ongeza COE, ambayo Oktoba 2023 ilipita 100,000 kwa magari ya injini ndogo na kufika 150,001 kwa yale ya injini kubwa. Jumla ni zaidi ya 160,000 kabla muuzaji hajaweka faida yake. Gari lenyewe ni chini ya moja ya sita ya ulicholipa.

Wapinzani hujibu papo hapo: hiyo ni barabara ya matajiri. Mnada haumuulizi mtu kama ana mtoto mgonjwa au mama asiyeweza kupanda ngazi za kituo. Unamuuliza ana kiasi gani. Na wanaongeza hoja ya pili, ambayo kwangu ina uzito zaidi: bei ya cheti haina utulivu. Novemba 2008, dunia ilipoyumba kifedha, COE ya gari la injini ndogo ilishuka hadi dola 2. Wawili wanaweza kuishi ghorofa moja na kuendesha magari ya aina moja, mmoja akiwa amelipa hela ya chai na mwingine thamani ya nyumba ya kijijini. Mfumo pia una mawimbi ya miaka kumi: vyeti vikitolewa vingi mwaka fulani, vingi vitakwisha pamoja muongo unaofuata na mgawo utaongezeka, vikitolewa vichache, watakaonunua miaka kumi baadaye ndio watakaobeba mzigo.

Yote hayo ni kweli. Lakini wanaoyasema huhesabu upande mmoja wa daftari. Barabara tayari zimekula asilimia 12 ya ardhi ya kisiwa kile, karibu sawa na makazi. Kama theluthi moja ya kaya ndiyo yenye gari. Theluthi mbili hupanda basi na treni. Ukiondoa mgawo, nafasi ya barabara haitakuwa bure. Itagawanywa kwa foleni, na foleni hulipwa na wote, akiwamo abiria wa basi ambaye hakununua chochote. Jakarta na Manila hawauzi vyeti, na anayelipa zaidi huko ni yule anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi kazini saa mbili. Mnada wa Singapore humtoza anayetaka gari, fedha huingia hazina ya umma, na basi linapita. Ni upendeleo wa ajabu kwa tajiri unaoanza kwa kumtoa dola laki moja.

Kasoro ya kweli ya COE iko kwingine, na haitajwi sana. Ni gharama ya mara moja. Cheti cha 100,000 ni dola 10,000 kwa mwaka, kama 27 kwa siku, gari likiwa limelala. Aliyekwisha kuzilipa hana sababu ya kuliacha nyumbani; kila kilomita anayoongeza inapunguza uchungu wa fedha aliyotangulia kulipa. Mfumo unazuia umiliki vizuri kuliko unavyozuia matumizi, ndiyo maana tozo za barabarani za kielektroniki zililetwa 1998 kuziba pengo.

Beijing walijaribu kukwepa lawama ya upendeleo. Tangu 2011 namba za magari hutolewa kwa bahati nasibu: 240,000 kwa mwaka mwanzoni, zikashushwa hadi 150,000 mwaka 2014 na 100,000 mwaka 2018, katika jiji lililokuwa limeuza karibu magari 800,000 kwa mwaka mmoja wa 2010. Nafasi ya kushinda ikawa moja kwa maelfu. Haki kwenye karatasi, na tazama yaliyofuata: waliobahatika wakaanza kukodisha namba zao, na kwa kuwa namba zilihamishika kati ya mume na mke, ukaibuka utaratibu wa ndoa za karatasi, watu wakioana ili namba ibadili jina kisha wakitalikiana. Shanghai huuza kwa mnada, bei ikizunguka yuan 90,000 katika miaka ya karibuni, na fedha hizo angalau huonekana kwenye vitabu vya jiji. Bahati nasibu huzipeleka mfukoni mwa aliyeshinda bila jasho.

Je, kuna breki isiyouza haki kwa mwenye pesa wala kuitupa hewani kama kete? Ipo, ina zaidi ya miaka 60, na iko Japani.

Sheria ya mahali pa kuhifadhia gari ilipitishwa 1962. Kiini chake ni kifupi: husajili gari kabla hujaonyesha litalala wapi. Mnunuzi hupeleka polisi fomu ya maombi, ramani ya eneo, mchoro wa nafasi yenyewe wenye vipimo na upana wa njia ya kutokea, na uthibitisho wa haki ya kuitumia, ambao ni tamko lake kama ardhi ni yake, au barua ya mwenye ardhi kama amepanga. Nafasi isizidi kilomita 2 kutoka anapoishi. Hadi 1991 ilikuwa mita 500. Gari zima liingie ndani, bila mkia kutokeza barabarani. Mkaguzi huenda kutazama, na cheti hutoka baada ya siku chache kwa ada ya yen elfu mbili na kitu. Sheria hiyo hiyo inakataza kuliacha gari barabarani mahali pamoja kwa muda wa saa 12 mfululizo, au wa saa nane mfululizo nyakati za usiku. Faini hufika yen 200,000.

Ambaye hajaiona ikifanya kazi hudhani sheria hii imepunguza magari Japani. Haikuyapunguza. Japani kuna gari dogo moja kwa watu wawili hivi, sawa na Malaysia. Ilichofanya ni kuyapanga, na hapa kuna takwimu inayostahili kutazamwa kwa utulivu kuliko zote katika mjadala huu: kaya ya Tokyo ina wastani wa gari 0.4, ya mkoa wa Fukui ina karibu 1.7. Sarafu ni ile ile, viwanda ni vile vile, na kodi ya taifa ni moja. Tokyo ndiyo yenye mapato makubwa zaidi nchini, na ndiyo ya mwisho.

Mkosoaji makini atasema takwimu hiyo imenyooshwa kuliko ukweli, na yuko sahihi kwa sehemu. Fukui inajulikana kwa nyumba za vizazi vitatu ambako mume na mke wote wanafanya kazi; kaya moja ina madereva wanne. Tokyo imejaa watu wanaoishi peke yao. Basi tugawe kwa kichwa badala ya kaya. Pengo linashuka kutoka mara nne hadi mara tatu hivi. Limepungua, lakini mara tatu kwa upande wa maskini zaidi, hakuna nadharia ya kipato itakayolieleza. Mkosoaji ataongeza kwamba ni treni, si polisi: Tokyo ina reli kila mtaa, Fukui huenda kazini kwa gari au huendi. Nalo ni kweli. Ila treni humpa mtu sababu ya kutolihitaji gari. Hazimzuii kulinunua na kuliegesha mbele ya mlango wa jirani. Bangkok wamejenga reli ya juu na ya chini kwa zaidi ya miaka 20, na magari yameendelea kuongezeka sambamba nazo. Tokyo ya kati, nafasi ya maegesho huweza kugharimu yen 30,000 au zaidi kila mwezi. Fukui ni uani kwako. Sheria moja imezaa bei mbili, kila moja ikisema ukweli wa ardhi ya mahali pake, na hakuna ofisa aliyepanga mgawo.

Tena bei hiyo hulipwa kila mwezi. Mwenye gari wa Tokyo huulizwa mara 12 kwa mwaka kama bado anamhitaji huyu mgeni wa yen 30,000. Mwenye COE huulizwa mara moja kwa miaka kumi.

Juu ya hapo kuna tabaka la pili linalotuhusu moja kwa moja sisi wa Mombasa na Dar es Salaam. Ukaguzi wa lazima wa Japani, shaken, huja gari jipya likitimiza miaka 3, kisha kila miaka 2: wa 5, wa 7, wa 9, na kuendelea. Kila mara unabeba bima ya lazima, kodi ya uzito na matengenezo. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi ya mwaka huongezwa asilimia 15 hivi na ile ya uzito nayo hupanda. Mjapani mwenye hesabu huuza ukaguzi unapokaribia. Gari la miaka saba kasoro lililoingia mnadani ndilo linaloweza kufika Kenya ndani ya ukomo wa miaka minane; Tanzania hupokea ya zamani zaidi lakini huyaongezea ushuru wa uchakavu. Kwa maneno mengine, umri wa magari ya Nairobi na Dar umepangwa kwa sehemu na kalenda ya ukaguzi ya Japani, na usukani ukiwa upande ule ule wa kulia hakuna kinachohitaji kubadilishwa.

Kuna hoja moja dhidi ya breki zote ambayo siwezi kuipita haraka. Kuzuia gari si kuzuia injini. Vietnam hutoza ushuru maalumu wa asilimia 35 kwa injini ndogo hadi 150 kwa kubwa kupita kiasi, na Wavietnam wamebaki kwenye pikipiki zinazohesabika kwa makumi ya milioni. Pikipiki huua. Thailand, wengi wa wanaokufa barabarani ni wapanda pikipiki. Anayesema baba wa watoto wawili anyimwe gari kwa ajili ya foleni, amweleze pia awapeleke shule kwa chombo gani mvua ikinyesha. Japani walijibu kwa kei, magari madogo ya daraja lake: injini isiyozidi cc 660, urefu mita 3.40, upana 1.48, kodi ya mwaka yen 10,800 dhidi ya 30,500 za gari la cc 1500, na katika maeneo mengi ya vijijini haidaiwi cheti cha maegesho. Familia hupata bati juu ya kichwa bila kuchukua nafasi ya gari zima. Jibu hilo linatosha kwa kiasi. Haliwafikii walio chini kabisa ya kizingiti, ambao hata kei hawaimudu.

Je, sheria hii inahamishika? Manila, miswada ya kumtaka mnunuzi aonyeshe maegesho imewasilishwa bungeni zaidi ya mara moja bila kupita, na pingamizi ni lile lile: itamwumiza mwenye kipato cha kati anayeishi kwenye nyumba isiyo na ua. Pingamizi hilo linasahau kwamba gari lake sasa hivi linalala kwenye njia ya miguu ya asiye na gari kabisa. Lakini ugumu wa kiutendaji upo, na wanaoipigia debe hawausemi. Cheti hakina maana pale ambapo kulaza gari barabarani ni bure. Mpangilio ni huo: kwanza marufuku ya usiku inayotekelezwa kweli, gari likivutwa na mwenyewe akilipa, kisha anwani na hati zinazoweza kukaguliwa, cheti mwisho. Ukianza na cheti utapata soko la barua za maegesho, nafasi moja ikithibitishwa kwa wanunuzi kumi. Hata Japani wapo wanaosajili kwa anwani ya jamaa wa mkoani ili kukwepa ukaguzi wa mjini, na huko mkaguzi huenda kutazama kwa macho yake. Pale ambapo mkaguzi hatoki ofisini, heri mnada wa Singapore.